Taa nyekundu ukutani: tunayoyaamini kuhusu kuharibika kwa simu na intaneti ya nyumbani

Kwa siku 19 nyumba yetu ya Ngamiani, hapa Tanga, ilikaa bila simu ya mezani na bila intaneti. Mama yangu ana miaka 78. Vitufe vya simu ya mkononi havioni tena vizuri, na dada yake aliyeko Maskati humpigia kila Ijumaa baada ya sala kwenye simu ile ile ya mezani. Ijumaa tatu zilipita kimya. Mdogo wangu, anayefanya kazi ya uhasibu akiwa nyumbani, akahamia kwenye bando la simu, na bando la mwezi likawa la siku nane.

Katika siku hizo nilielezwa mambo mengi: na majirani, na mafundi wa mtaani, na waliopokea simu huduma kwa wateja. Mengine nilikuwa nikiyaamini mwenyewe. Ninayaandika kwa sababu nimeona imani moja isiyo sahihi inavyoweza kuongeza wiki nzima ya kungoja.

"Mvua ikinyesha, mtandao lazima ukatike"

Hili lina asili yake. Laini za zamani ni za shaba, nyuzi mbili zilizosokotana, na maungio yake yamo kwenye visanduku vya nguzoni na kwenye mashimo ya chini ya ardhi. Maji yakiingia humo, tena kwenye mji wa pwani ambao hewa yake ina chumvi, shaba huota kutu ya kijani. Ndiyo maana masika yakianza simu hukwaruza masikioni, na intaneti inayopita kwenye shaba hukatika na kurudi. Ukiinua mkono wa simu ukasikia mkwaruzo kabla hujapiga namba yoyote, aghalabu hitilafu ipo kwenye waya wa shaba, si kwenye ruta. Mwambie hivyo hivyo anayepokea malalamiko.

Faiba ni kitu kingine. Ni uzi wa kioo wenye unene wa mikromita 125, unakaribia unywele, na kinachopita ndani yake ni mwanga. Mwanga haulowi. Faiba ikikatika siku ya mvua, kuna kitu ambacho mvua imekifanya: kuti la mnazi limeangukia waya, nguzo imelala, kiungio kilichofungwa ovyo kimeingia maji, au umeme umezimika kwenye kituo cha kampuni ya simu. Kila kimoja kina mahali pake na kina dawa yake. "Subirini mvua ipite" si jibu, na nasikitika kwamba tumezoea kulipokea kama jibu.

"Ni mkongo wa baharini, hakuna la kufanya"

Tangu tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na Seacom, nyaya za chini ya bahari zinazotuunganisha na intaneti ya nje, ilipokatika na Afrika Mashariki nzima ikataabika, maelezo haya yamekuwa mepesi mdomoni. Nami niliambiwa siku ya tatu, na nilikubali.

Sikupaswa kukubali. Mkongo wa baharini ukikatika, taa za ruta yako hazibadiliki, kwa sababu waya wa kutoka kwako hadi kituoni uko salama. Unachokiona ni uzito: tovuti za nje hazifunguki, video zinakwama, na Mkenya na Mganda wanalia kilio hicho hicho siku hiyo hiyo. Kwetu, ambako simu na intaneti hupita kwenye faiba, ilikuwa ikiwaka taa nyekundu yenye herufi LOS. Maana yake ni moja tu: kifaa hakipokei mwanga wa kutosha kutoka kituoni. Tatizo liko nchi kavu, na aghalabu liko karibu.

Karibu kiasi gani? Waulize majirani. Uzi mmoja wa faiba kutoka kituoni hugawanywa kwenye kisanduku cha nguzoni na kuhudumia nyumba nyingi, mara nyingi hadi 32. Kama jirani mwenye huduma ya kampuni ile ile anapata mtandao na wewe hupati, hitilafu imo kwenye kipande chako, kuanzia kisanduku cha nguzoni hadi ukutani kwako. Kama mtaa mzima umezimika, imo kwenye kisanduku au juu zaidi. Niligonga milango mitatu, dakika kumi hazikufika, nikajua kwamba ni sisi peke yetu. Nililifanya hilo siku ya 11. Lingefanyika siku ya kwanza, ningekuwa na la kumjibu yule wa mkongo.

"Simu ya mezani haihitaji umeme"

Wazee wetu wanaliamini sana hili, na walikuwa sahihi kwa simu waliyoikuta. Simu ya shaba hupata umeme wake kutoka kituoni, volti 48, na kituo kina betri. Giza likiingia mtaa mzima, simu bado inaita.

Simu inayopita kwenye faiba haiko hivyo. Kioo hakibebi umeme. Ile simu imechomekwa kwenye ruta, na ruta imechomekwa ukutani. Umeme ukikatika vyote viwili vinakufa. Watu walipobadilishiwa laini, wengi hawakuelezwa jambo hili, nami naona ni kosa kubwa kumwacha mzee anayeishi peke yake akiamini kwamba usiku wa giza simu yake itaita. Kama una mzazi wa namna hiyo, mnunulie betri ndogo ya ruta, na namba za dharura zibaki pia kwenye simu ya mkononi ya vitufe vikubwa.

Na kabla ya kupiga simu huduma kwa wateja, angalia swichi ya ukutani. Sisemi hivyo kwa kumdharau mtu. Ndilo swali la kwanza utakaloulizwa, na ukiwa na jibu tayari umeokoa dakika.

"Zima, washa, bonyeza na kile kitobo cha nyuma"

Kuzima ruta, kusubiri nusu dakika na kuwasha ni sawa, hakuharibu kitu. Kile kitobo kidogo kinachobonyezwa kwa sindano ni habari nyingine kabisa. Kinafuta kila kitu: jina la mtandao, nywila, na mara nyingi hata jina la mteja na siri yake ambavyo fundi aliviingiza siku ya kuunganisha. Ukishafuta, hata waya ukipona leo intaneti hairudi mpaka mtu wa kampuni aingize tena. Mpwa wangu alikuwa na sindano mkononi tayari. Nilimzuia kwa sababu tu nilitaka kwanza kupiga picha taa zilivyo.

Piga hiyo picha. Taa zote zionekane, na saa iandikwe.

"Waya ni waya, fundi yeyote anaunga"

Shaba, ndiyo. Unavua ganda, unasokota, unafunga utepe, na ikikaa mahali pakavu itafanya kazi. Kioo hakisokotwi. Ncha mbili zinapaswa kukatwa wima kabisa, kusafishwa, na kuyeyushwa pamoja kwa mashine maalumu au kubanwa kwenye kichwa cha kiungio kinacholingana. Vumbi usiloliona linatosha kuziba mwanga. Fundi wa mtaani aliyekuja kwetu siku ya saba alikuwa mkweli, akasema, "Kaka, hii siigusi." Namshukuru mpaka leo. Wapo wanaogusa.

Nyongeza moja kwa wenye watoto: usichungulie ncha ya faiba iliyochomoka. Mwanga wake wa kushuka nyumbani ni wa nanomita 1490, jicho halioni kitu, lakini upo.

Fundi wa kampuni alipofika hatimaye, siku ya 19, ngazi ikiwa imefungwa juu ya bajaji, alimwamkia mama, "Shikamoo bibi," akaitikiwa, akaenda moja kwa moja kwenye kisanduku cheupe cha ukumbini. Alichomoa waya akauingiza kwenye kipima mwanga. Kikasoma -31, kwa dBm, kipimo cha nguvu ya mwanga. Akanieleza kwamba ruta nyingi za namna hii hazioni kitu ikishuka chini ya -27, na kwamba kila ikishuka kwa 10, mwanga uliobaki ni sehemu moja ya kumi tu ya ule wa mwanzo. Kisha akatoka uani, akaufuata waya kwa macho kutoka nguzoni, taratibu, mpaka kwenye pembe ya paa. Hapo palikuwa na kamba ya kuanikia nguo. Ilikuwa imefungwa kwenye ndoana ile ile inayoshika waya wa faiba, na uzito wa kanga mbichi ulikuwa umeuvuta waya ukapinda kama kiwiko. Uzi wa kioo ukipindwa hivyo, mwanga huvujia nje kwenye kona.

Alikata kile kipande, akafunga kichwa kipya, akakipangusa kwa kitambaa chenye spiriti, akapima tena: -20. Taa ikawa ya kijani. Kazi yote ilichukua dakika 40. Kamba ni yetu sisi, na nimeihamishia kwenye mpera. Lakini kwa siku 18 hakuna mtu wa kampuni aliyekuja kutazama, na hilo halikuwa kosa la kamba.

"Wakituma ujumbe kwamba tatizo limetatuliwa, basi limetatuliwa"

Hapa ndipo penye uchungu wote. Siku ya tano, saa kumi jioni, nilipokea ujumbe: tatizo lako limeshughulikiwa, asante kwa uvumilivu wako. Taa ilikuwa nyekundu vile vile. Nikadhani wako njiani, au mtambo unachelewa. Nikasubiri siku moja. Nilipopiga, dada aliyepokea akaniambia kwa upole kwamba kwenye kompyuta yake hakuna tatizo lolote kwa jina letu. Taarifa ilikuwa imefungwa. Tulirudi mwisho wa foleni kama watu wapya. Ikatokea tena siku ya 12.

Taarifa ya hitilafu ina uhai wake yenyewe, mbali na hitilafu. Ina namba, ina saa ya kufunguliwa, na ikifungwa hakuna tena anayeihangaikia, hata kama kwako ni kiza. Wengi tunadhani kupiga simu mara kumi ndiko kusukuma jambo. Kupiga mara kumi bila kuitaja namba kunaweza kuzaa taarifa kumi changa, kila moja ina umri wa siku moja, na hakuna hata moja inayoonyesha kwamba umekaa kiza wiki mbili. Omba namba siku ya kwanza. Itaje hiyo hiyo kila unapopiga. Ukipata ujumbe wa kwamba wamemaliza na hawajamaliza, piga saa hiyo hiyo udai ifunguliwe ile ile, usikubali mpya. Andika jina alilojitambulisha nalo aliyekupokea, saa, na alichoahidi. Mimi nilibandika karatasi ukutani pembeni ya simu, na siku ya 17 nilipoisomea kutoka juu hadi chini kwa msimamizi, alinyamaza, kisha akasema, "Nimekuelewa, baba." Siku mbili baadaye bajaji ikasimama mlangoni.

"Usipotoa ya soda, fundi haji"

Niliambiwa na watu wawili ninaowaheshimu. Sikutoa. Maji baridi na chai ni uungwana wetu, yeyote aingiaye nyumbani hupewa, na yule kijana alipewa na mkate wa kumimina juu. Fedha ya kumfanya mtu atimize kazi anayolipwa mshahara ni rushwa, na sheria ya mwaka 2007 inamtia hatiani anayetoa sawa na anayepokea. TAKUKURU wana namba 113, bure. Kuna na sababu nyingine: ukitoa leo, umeuambia mtaa mzima bei.

"Mlalamikie nani? Ndiyo hivyo hivyo"

Yupo. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ipo tangu 2003, na zipo kanuni za kuwalinda watumiaji wa huduma za mawasiliano, zikiwemo za 2018. Utaratibu unaanza kwa kampuni yenyewe: lazima uwe umelalamika kwao kwanza, na usiporidhika ndipo upande ngazi. Kwa hiyo ile karatasi ya ukutani, picha za taa na ule ujumbe wa "limeshughulikiwa" ndivyo vitakavyokubeba. Mtu akienda mikono mitupu atarudishwa akaanze upya, na ndipo husemwa kwamba TCRA haisaidii. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo kazi yake ni kusimama upande wetu, na ambalo wengi mtaani kwangu hawajawahi kulisikia.

"Nikiacha kulipa watanijua"

Hawatakujua. Akaunti yenye deni hufungwa na mtambo, si na mtu, na fundi akija kupima laini iliyofungwa mtabaki kubishana kama ni hitilafu au ni deni. Tulilipa, kwa uchungu, na siku hiyo hiyo tukaandika barua kudai fidia ya siku ambazo huduma haikuwepo, tukiambatanisha picha mbili: ya kwanza yenye taa nyekundu na ya mwisho yenye taa ya kijani, zote na tarehe.

Walijibu baada ya wiki mbili. Tulidai siku 19, wamekubali 14, wakihesabu kuanzia siku taarifa ilipofunguliwa mara ya pili. Nimewaandikia tena kuhusu zile 5, na namba ya taarifa ya kwanza nimeiweka juu kabisa ya barua.