Je, wajua kwa nini wasemaji wa Kijerumani wa Italia hujiita Watirol Kusini?

Jannik Sinner, mchezaji tenisi aliyeisaidia Italia kutwaa Kombe la Davis mwaka 2023, alikua akizungumza Kijerumani nyumbani. Wazazi wake si wahamiaji. Kwao ni Sexten, kijiji cha mlimani katika mkoa wa Bolzano, yaani Tirol Kusini, kaskazini mwa Italia karibu na mpaka wa Austria. Katika sensa ya 2011, asilimia 69.4 ya raia wa mkoa huo walijiandikisha upande wa Kijerumani, 26.1 Kiitaliano na 4.5 Kiladini, lugha ndogo ya mabonde ya Dolomiti. Wengi wa hao wa Kijerumani, ukiwauliza wao ni nani, hawajibu Mjerumani wala Mwitaliano. Hujibu: Südtiroler, Mtirol Kusini.

Jina hilo lina uzito wa miaka mia moja ya kulazimishwa kuchagua.

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, mababu zao walikuwa Watirol tu, watu wa Tirol, eneo la milima ya Alpi: Wakatoliki, raia wa kaizari wa Austria, na shujaa wao alikuwa Andreas Hofer, aliyeongoza wakulima kupigana na Wabavaria na Wafaransa mwaka 1809 na kupigwa risasi Mantua mwaka uliofuata. Uzalendo wao ulikuwa kwa Tirol yao. Dola la Ujerumani lilikuwa la watu wengine. Kisha Mkataba wa Saint-Germain wa 1919 uliikata Tirol katikati kwenye njia ya mlimani ya Brenner, na mwaka 1920 nusu ya kusini ikawa rasmi sehemu ya Italia.

Mafashisti walipotwaa madaraka walilenga majina na shule. Ettore Tolomei, mzalendo wa Kiitaliano ambaye tayari mwaka 1916 alikuwa amechapisha orodha ya maelfu ya majina ya Kiitaliano ya vijiji, mito na vilele vya milima, alitangaza mwaka 1923 mpango wa vipengele 32 wa kuligeuza eneo hilo kuwa la Kiitaliano. Neno Tirol lenyewe lilipigwa marufuku. Mwaka huohuo sheria ilianza kuondoa Kijerumani shuleni, darasa baada ya darasa kuanzia la kwanza.

Watu walijibu kwa shule za siri, walizoziita shule za makatakombe, baada ya wito wa padri Michael Gamper. Watoto wachache walikusanyika darini au jikoni kwa mkulima, wakafundishwa kusoma na kuandika Kijerumani baada ya saa za shule ya serikali. Walimu wengi walikuwa wasichana. Mmoja wao, Angela Nikoletti, alifungwa mwaka 1927. Alifariki 1930 akiwa na miaka 25 tu. Hapo ndipo lugha, iliyokuwa jambo la kawaida la nyumbani, ilipogeuka kuwa nguzo ya utambulisho.

Pigo kubwa zaidi lilikuja mwaka 1939. Hitler na Mussolini walikubaliana kwamba kila familia ichague kufikia tarehe 31 Desemba: kuchukua uraia wa Ujerumani na kuhama, au kubaki Italia bila ulinzi wowote wa lugha yake. Uvumi ulienea kwamba watakaobaki watapelekwa Sisilia. Takriban asilimia 86 walichagua Ujerumani, na kama 75,000 wakaondoka kabla vita havijasimamisha zoezi. Waliobaki waliitwa wasaliti na majirani zao, hata na ndugu zao. Kwa maoni yetu, jeraha hili ndilo linaloeleza kwa nini baada ya vita jina Mjerumani halikuwatosha tena.

Mkataba wa Paris wa Septemba 1946, kati ya Italia na Austria, uliahidi kujitawala, lakini sheria ya 1948 iliwaunganisha na mkoa jirani wa Trento katika jimbo moja lenye Waitaliano wengi, na ahadi ikapwaya. Mwaka 1957 Silvius Magnago, kiongozi wa chama cha Watirol Kusini, alihutubia umati wa watu kama 35,000 kwenye ngome ya Sigmundskron, wakidai kujitenga na Trento. Usiku wa Juni 1961, wakati mioto ya Moyo Mtakatifu ikiwaka milimani kama ilivyo desturi, nguzo 37 za umeme zililipuliwa na wanaharakati wa Tirol Kusini. Suluhu ilipatikana katika sheria mpya ya kujitawala ya 1972.

Sheria hiyo inagawa ajira za serikali kwa uwiano wa lugha: kwa sensa ya 2011, kati ya nafasi 100, takriban 69 zilikuwa za Kijerumani, 26 za Kiitaliano na 5 za Kiladini. Anayeomba kazi hujaza fomu ya tamko la lugha, huifunga ndani ya bahasha, nayo huhifadhiwa katika mahakama ya Bolzano. Lazima pia afaulu mtihani wa lugha mbili.

Ugumu huwapata watoto wa ndoa za mchanganyiko. Fomu ina makundi matatu tu; anayesema yeye ni mwingine bado lazima ajiunge na mojawapo. Alexander Langer, mwanasiasa wa chama cha Kijani, alikataa kata kata kujitangaza, na mwaka 1995 akazuiwa kugombea umeya wa Bolzano kwa sababu hiyo.

Vibao vya barabarani leo vina Bozen, jina la Kijerumani, na Bolzano, la Kiitaliano, pamoja, na mabonde ya Kiladini yana majina matatu. Hata hivyo majina ya Tolomei bado ni rasmi kisheria, na kila yanapojadiliwa bungeni mkoani, mjadala wa 1923 unafunguka upya.