Tairi likishuka kwenye mchanga, mikono yako iko wapi?

Wengi ninaowafundisha udereva hapa Mtwara huja na ugonjwa mmoja waliouambukizwa na watu wa nyumbani: mkono mmoja juu ya usukani, kiwiko dirishani. Barabara ikiwa nyeupe, gari litakwenda tu. Akichomoka bodaboda ndipo mkono huo mmoja unapokuwa mfupi.

Naanza na kiti, maana mikono hufuata kiti. Egemea, mabega yaguse kiti, unyooshe mkono: kifundo cha mkono kilale juu ya ukingo wa usukani bila bega kubanduka. Kutoka kifuani hadi katikati ya usukani pabaki angalau sentimita 25, kwa sababu mfuko wa hewa (airbag) umelala hapo, nao gari likigonga hufumuka kabla hujapepesa jicho.

Mkono wa kushoto ukae penye 9 ya uso wa saa, wa kulia penye 3. Wazee wa malori bado wanang'ang'ania 10 na 2. Kwenye gari lenye mfuko wa hewa, hapo ni juu mno. Mfuko unaweza kukurushia mikono yako mwenyewe usoni.

Kona za kawaida, kama zile za Mikindani kando ya bahari, mkono mmoja unavuta kwenda chini, wa pili unateleza kuupokea usukani. Kupishanisha mikono ni kwa mwendo mdogo tu, unapogeuza au kuegesha. Kuzungusha kwa kiganja kimoja kama anayefuta meza mimi sikupitishi.

Sasa mchanga. Msimu wa korosho malori yamejaa njia ya Masasi, na wewe ukitaka kumpisha mmoja unasogea kushoto. Ukingo wa lami ukiwa umelika, matairi mawili ya kushoto yanashuka, gari linainama. Hapo mgeni wa usukani hukata kulia kwa nguvu. Tairi la mbele linasugua ukingo wa lami bila kupanda, naye anaongeza kukata. Linapopanda, linapanda kwa mkupuo huku limeshageukia kulia, na gari linaruka hadi upande wa wanaokuja. Akishtuka na kukata kushoto, hapo ndipo magari hupinduka.

Fanya hivi: kamata usukani pande zote mbili, gari liende moja kwa moja hukohuko lilikoshukia. Toa mguu kwenye mafuta, breki usiikanyage kwa pupa. Mwendo ukishapungua, na nyuma yako hakuna anayekupita, tafuta mahali mchanga na lami vinapolingana, kata kidogo tu, na likipanda unyooshe papo hapo.

"Mwalimu, na mbele kukiwa na mti?" huniuliza kila darasa. Basi ni breki, ukiwa umenyoosha usukani. Ndiyo maana mwendo wa kupishana na lori ninaupunguza kabla, jambo ambalo wenye Toyota IST mpya hawapendi kusikia.

Njia za vumbi za mashambani zina lao: vidole gumba vilale juu ya ukingo, visikumbatie kwa ndani. Tairi la mbele likigonga kisiki, usukani hujizungusha ghafla, hasa kwenye magari ya zamani yasiyo na pawa stelingi (mtambo wa kulainisha usukani), na kidole kilichojipachika ndani huteguka.