Je, wajua? Walowezi wa Jamestown waliuawa na maji ya mto waliouchagua wenyewe

Jamestown, koloni la kwanza la Waingereza lililodumu Amerika, lilianzishwa na kampuni. Mwaka 1606 Mfalme James I aliipa Kampuni ya Virginia hati ya kuanzisha koloni, nayo kuanzia 1609 ikauza hisa moja kwa pauni 12 na shilingi 10. Wenye hisa walitaka dhahabu na njia ya mkato kwenda Asia. (Mombasa tuliyaona hayo hayo mwaka 1888, Kampuni ya Imperial British East Africa ilipokuja na hati ya malkia.) Fedha za wawekezaji wa kwanza wa Kampuni ya Virginia zilitoa meli 3, Susan Constant, Godspeed na Discovery, zilizong'oa nanga London Desemba 1606 na kufika Virginia Aprili 1607.

Maagizo ya kampuni yalikuwa wazi: pandeni mto mpaka mbali na bahari ili Wahispania wasiwavamie kwa ghafla, na mtafute mahali meli itakapofika hadi ukingoni. Jamestown ilitimiza yote. Kina kilikuwa pima 6, meli zikafungwa kamba kwenye miti ya ukingoni. Ardhi ilikuwa tupu, na hilo lingetosha kuwashtua: kuzunguka pote waliishi watu, isipokuwa pale penye kinamasi.

Tatizo lilijitokeza kiangazi. Mvua zikipungua, Mto James hukosa nguvu na maji ya bahari hupanda nao. Mahali maji chumvi yanapokutana na maji baridi, uchafu hauendi baharini. Hucheza papo hapo, kujaa na kupwa. Watu 104 walijisaidia na kunywa humo humo. Maji yakijaa ni chumvi, yakipwa ni tope. Wakaugua homa, kuhara damu, miili ikavimba. Kufikia Januari 1608 walibaki 38.

Chakula nacho kilikuwa shida. Walitua Jamestown Mei, msimu wa kupanda ukiwa unayoyoma, na wengi wao walikuwa mabwana wasiojua jembe. Walitegemea mahindi ya Wapowhatan, wenyeji wa eneo hilo, kwa kubadilishana shaba na shanga au kwa mtutu wa bunduki. Pete za miti ya kale zinaonyesha kwamba kuanzia 1606 hadi 1612 eneo hilo lilikumbwa na ukame mkali, kwa hiyo hata wenyeji hawakuwa na cha ziada. Walowezi wapya waliletwa, lakini masika ya 1610 yaliwakuta ngomeni watu kama 60 tu, waliokuwa wamekula farasi, mbwa na panya. Mifupa ya msichana mmoja iliyofukuliwa ina alama za kisu: walikula na maiti.

Kilicholiokoa koloni ni tumbaku, ambayo mlowezi John Rolfe alianza kuilima mwaka 1612. Zao hilo huchosha udongo kwa miaka michache, hivyo likadai ardhi mpya kila mara na mikono mingi. Mwaka 1618 kampuni ikaahidi ekari 50 kwa kila nauli ya mlowezi iliyolipwa. Ekari hizo zilikuwa za Wapowhatan. Mwaka uliofuata wakashushwa Waafrika zaidi ya 20 kutoka Angola. Wapowhatan walijibu mwaka 1622 kwa kuua watu 347, na mwaka 1624 mfalme akafuta hati. Wenye hisa wa pauni 12 hawakuiona dhahabu.