Transista Imekaa Eneo Gani? Pima Kwanza, Ndipo Uzungumzie Ukuzaji

Vijana wanaojifunza ufundi huniletea swali moja kwa sura nyingi: "Fundi, transista nimeipima ni nzima, nimeifunga kama mchoro unavyoonyesha, mbona sauti inatoka inakwaruza?" Kabla ya kujibu huwauliza: kolekta, yaani mguu wa transista ambako ishara iliyokuzwa hutokea, inasoma volti ngapi wakati maiki iko kimya? Wengi huwa hawajapima. Wameangalia ishara inayoingia na inayotoka, lakini hawajaangalia transista inakaaje wakati hakuna mtu anayezungumza. Kwangu mimi kiini cha ukuzaji kimo hapo. Transista hukuza pale tu ulipoikalisha mahali inapoweza kukuza, na kuikalisha ni kazi ya rizista zinazoizunguka.

Tuchukue transista ya kawaida ya aina ya NPN, BC547, ambayo ni rahisi kuipata kwenye maduka ya vipuri. Ina miguu mitatu: beisi inayoongoza, kolekta ambako mkondo mkubwa huingilia, na emita ambako hutokea. Ndani yake mna makutano mawili, la beisi na emita, na la beisi na kolekta, na kila moja lina tabia ya diodi, yaani hupitisha umeme upande mmoja tu. Makutano yote mawili yakiwa yamefungwa, yaani volti kati ya beisi na emita iko chini ya 0.5 hivi, hakuna mkondo wa maana unaopita, na kolekta inasoma volti yote ya pawa saplai. Hilo ni eneo la kufunga. Yote mawili yakiwa wazi, transista imejaa: kati ya kolekta na emita hubaki volti 0.2 au pungufu, na hata ukiongeza mkondo wa beisi, ule wa kolekta hauongezeki, kwa sababu sasa rizista ya kolekta ndiyo inayouwekea kikomo. Hilo ni eneo la kujaa. Maeneo haya mawili ni ya swichi. Ukiwasha rilei au taa ya LED kwa transista, unataka iruke kutoka moja kwenda jingine bila kukaa katikati, maana katikati ndiko inakopata moto.

Sisi watu wa sauti tunaishi huko katikati, kwenye eneo tendaji. Hapo makutano ya beisi na emita yako wazi, kwa volti 0.6 hadi 0.7, na ya beisi na kolekta yamefungwa. Elektroni zinatoka emita kwa wingi na kuingia beisi, lakini beisi ni nyembamba mno, kwa hiyo nyingi huipita kabla hazijatokea kwenye waya wake, na volti ya kolekta huzivuta. Zile chache zinazobaki ndizo mkondo wa beisi. Uwiano wa mkondo wa kolekta kwa ule wa beisi ndio hFE unaouona kwenye multimita. Nguvu inayofika kwenye spika haitoki kwenye transista. Inatoka pawa saplai; transista inaamua tu kiasi gani kipite, na kwa wakati gani.

Kuna eneo la nne ambalo vitabu hulipitia haraka, nalo ni la kinyume, pale kolekta na emita zinapobadilishana kazi. Mafundi hulipata bila kujua. Geuza BC547 uso wake bapa ukutazame, miguu chini: kutoka kushoto ni kolekta, beisi, emita. Fanya hivyo kwa 2N3904: emita, beisi, kolekta. Ukiondoa moja na kuweka nyingine bila kuigeuza, saketi haifi moja kwa moja. Inaweza kufanya kazi kidogo, sauti ikatoka hafifu, kwa sababu emita imetengenezwa kwa ajili ya kutoa elektroni na kolekta haikutengenezwa hivyo, na hFE huanguka vibaya sana. Tena makutano ya beisi na emita hayavumilii volti za kinyume. Kwa transista hizi mbili kikomo ni volti 6.

Sasa tuikalishe transista kazini. Tutengeneze hatua ya kwanza ya amplifaya ya maiki, pawa saplai volti 12, rizista ya kolekta 4.7 kΩ. Njia ya mkato ambayo wengi huanza nayo ni emita moja kwa moja graundi, na rizista moja kubwa kutoka volti 12 hadi beisi. Kwa 3 MΩ beisi inapata mikroampea 3.8 hivi. Transista yako ikiwa na hFE ya 300, kolekta inapitisha miliampea 1.13 na kutulia kwenye volti 6.7. Vizuri sana, karibu katikati kabisa. Lakini datashiti, yaani karatasi ya vipimo ya mtengenezaji, ya BC547 yenye herufi B inakubali hFE kuanzia 200 hadi 450. Ukipata ya 200, kolekta inapanda hadi volti 8.4. Ukipata ya 450, inashuka hadi volti 4. Na kama dukani wamekupa yenye herufi C, ambayo inaweza kufika 800, hesabu inadai mkondo wa miliampea 3, wakati rizista ile haiwezi kupitisha zaidi ya miliampea 2.5. Transista imejaa. Ukiipima nje ya saketi ni nzima kabisa, na ndani ya saketi haikuzi chochote.

Tena hiyo ni kabla ya joto. Volti ya beisi na emita hupungua kwa milivolti 2 hivi kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, na hFE nayo hupanda, kwa hiyo kilichokuwa sawa asubuhi kinaweza kuwa kimehama mchana ndani ya boksi la chuma lililofungwa. Siikubali njia hii kwenye kifaa chochote kitakachotoka karakana kwangu.

Njia ninayoifundisha ina rizista nne. Beisi inalishwa na mgawanyo wa volti, 82 kΩ kutoka juu na 15 kΩ kwenda graundi, na emita inapata rizista yake ya 1 kΩ. Mgawanyo ule peke yake ungetoa volti 1.86, beisi inapovuta mkondo wake inatulia karibu 1.8. Ondoa 0.65, emita inabaki na volti 1.15 hivi, na kwa kuwa imekalia 1 kΩ, mkondo ni miliampea 1.15. Tazama kilichotokea: hFE karibu haimo kwenye hesabu. Nikiipiga kwa umakini, transista ya hFE 200 inanipa miliampea 1.13 na ya 450 inanipa 1.17. Mkondo ukitaka kupanda, kwa joto au kwa sababu yoyote, volti ya emita inapanda nayo, nafasi kati ya beisi na emita inabanwa, na mkondo unarudi. Rizista moja ya bei ndogo kabisa inafanya kazi hiyo usiku na mchana. Kila ninapoieleza naona uzuri uleule.

Kolekta sasa inatulia kwenye volti 6.6. Juu yake kuna dari, volti 12, ambako transista inafunga. Chini kuna sakafu, volti 1.35 hivi, ambako inajaa. Wimbi lina nafasi ya volti 5.4 kupanda na 5.2 kushuka. Kama una oskiloskopu, kifaa kinachochora wimbi kwenye skrini, iweke kwenye kolekta na uongeze ishara polepole: wimbi likikatwa kichwa, umegonga eneo la kufunga, likikatwa miguu, umegonga eneo la kujaa, yote mawili yakikatwa kwa pamoja, umeikalisha transista yako panapostahili. Usishangae pia kuona wimbi la kolekta limepinduka. Beisi ikipanda, mkondo unaongezeka, rizista ya kolekta inakula volti zaidi, na kolekta inashuka.

Inakuza mara ngapi? Ukiiacha hivi, ukuzaji ni 4.7 kΩ gawanya kwa 1 kΩ, yaani mara 4.6 hivi. Ni kidogo mno kwa maiki ya kawaida inayotoa milivolti moja au mbili. Ndiyo maana tunaweka kapasita sambamba na rizista ya emita: ishara inapita kwenye kapasita, mkondo wa kutulia unabaki kwenye rizista. Hapo kinachobaki kuuzuia ukuzaji ni ukinzani mdogo wa ndani ya emita, ambao ni milivolti 25 gawanya kwa mkondo wa kolekta. Kwetu ni kama 22 Ω, na ukuzaji unaruka hadi mara 200 na zaidi.

Watu hufurahi wanapofika hapa, na hapa ndipo sauti inapoharibika. Uhusiano wa volti ya beisi na mkondo wa kolekta si mstari ulionyooka, ni mpindo mkali: kila milivolti 60 huzidisha mkondo mara 10. Ukiingiza wimbi lenye kilele cha milivolti 10, upotoshaji unafika karibu asilimia 10, na hujagusa dari wala sakafu. Mimi huweka rizista ya 100 Ω mfululizo na kapasita. Ukuzaji unashuka hadi mara 40 hivi, sauti inakuwa safi, na kama 40 haitoshi naongeza hatua ya pili. Bora hatua mbili tulivu kuliko moja inayokazana.

Hayo ni ya hatua ndogo. Kwenye hatua ya mwisho, inayosukuma spika, kukaa katikati muda wote ni gharama kubwa. Transista yenye rizista ya kolekta kwa mtindo huu, unaoitwa daraja A, haivuki asilimia 25 ya ufanisi hata kwa hesabu za karatasi. Nyingine yote ni joto. Daraja B linatumia transista mbili, moja kwa nusu ya juu ya wimbi na moja kwa nusu ya chini, na linaweza kufika asilimia 78.5. Shida ni kwamba karibu na sifuri zote mbili zimefunga, kwa kuwa kila moja inasubiri 0.6 yake, na sauti ndogo inakwaruza kuliko kubwa. Dawa yake ni daraja AB: diodi mbili, au transista ndogo, zinaziweka zote mbili wazi kidogo tu.

Kuangalia kama zimewekwa sawa, tenganisha spika, unganisha mlango wa kuingizia na graundi, kisha pima milivolti kati ya ncha mbili za rizista ya emita ya transista kubwa, ambayo mara nyingi ni 0.22 Ω. Ukisoma milivolti 5, zinapita miliampea 23 hivi, kiasi cha kawaida kwa amplifaya nyingi za aina hii. Kama mchoro wa kifaa umetaja namba, fuata mchoro. Iache ipate moto, upime tena. Namba ikiendelea kupanda bila kutulia, zima haraka na uangalie diodi zile au transista ile ndogo: lazima zigusane na hitisinki (bamba la kupoozea) ileile, zipate joto pamoja na transista kubwa. Kwenye amplifaya nyingi zilizowahi kukarabatiwa, hukutwa zimeachwa zikining'inia hewani.