Poldi: jina la mke wa tajiri lililoishia kwenye barafu

Jina Poldi, lililowahi kubebwa na klabu ya hoki ya barafu ya Kladno huko Chekoslovakia (leo Jamhuri ya Czech), nililijulia karakana, miaka mingi kabla sijamwona mtu amevaa viatu vya kutelezea. Sisi watu wa metali tuna kifaa kidogo kinachoitwa nyundo ya Poldi. Ndani yake kuna gololi ya chuma kigumu, milimita 10, na kipande cha chuma ambacho ugumu wake unajulikana tayari. Unakisimamisha kifaa juu ya kitu unachotaka kupima, tuseme ekseli kubwa isiyobebeka hadi maabara, unakigonga mara moja kwa nyundo ya kawaida, kisha unapima alama mbili: moja imebaki kwenye ekseli, nyingine kwenye kile kipande. Ukilinganisha upana wa alama hizo unapata ugumu wa ekseli. Hakuna umeme, hakuna kompyuta. Mwalimu wetu alikuwa akisema tu "leteni Poldi", nasi tukadhani ni jina la mvumbuzi, mzee fulani mwenye masharubu.

Kumbe ni mwanamke. Mwaka 1889 tajiri wa chuma Karl Wittgenstein alianzisha kiwanda cha chuma bora katika mji wa Kladno, kama kilomita 25 magharibi ya Prague, akakipa jina la mkewe Leopoldine, ambaye nyumbani aliitwa Poldi. Hata alama iliyogongwa kwenye bidhaa za kiwanda ilikuwa kichwa cha mwanamke kilichochorwa kwa upande, na nyota juu yake. (Mmoja wa watoto wa nyumba hiyo ndiye Ludwig, mwanafalsafa. Familia hiyo haikujua kufanya jambo dogo.)

Klabu ya hoki ya barafu ya Kladno ilizaliwa mwaka 1924, mjini kwa wachimba makaa na wayeyusha chuma. Imebadilisha majina mara nyingi kiasi kwamba kuyafuata yote ni kujichosha. La kushika ni hili: baada ya Vita vya Pili vya Dunia viwanda vikubwa vya Chekoslovakia vilitaifishwa, na klabu ikawa mtoto wa kiwanda. Kwa miaka mingi iliitwa SONP Kladno, herufi zinazosimama kwa kampuni ya umma ya viwanda vya chuma, na baadaye Poldi SONP Kladno. Mshabiki wa Mtibwa Sugar, timu ya soka ya kiwanda cha sukari, ataelewa bila maelezo.

Kwenye makaratasi, enzi za ukomunisti hapakuwa na mchezaji wa kulipwa. Beki wa timu ya taifa aliandikwa kuwa mfanyakazi, akapokea mshahara wa kiwandani, na kazi yake halisi ikawa mazoezi. Kila mtu alijua. Kwa hiyo ukitaka kuelewa ni nani alikuwa bingwa na lini, usianze na makocha. Anza na swali la nani anawalisha wachezaji.

Kuanzia 1955 hadi 1966 bingwa wa nchi alikuwa Brno, na mwanzoni timu hiyo ilikuwa ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Kuanzia 1967 hadi 1972 bingwa alikuwa Dukla Jihlava, timu ya jeshi, mara sita mfululizo. Jeshi lilikuwa na silaha ambayo kiwanda hakina: kila kijana alilazimika kwenda jeshini, na kijana mwenye kipaji cha hoki alijikuta kambi yake iko Jihlava. Klabu iliyomlea ilibaki kusubiri arudi. Sasa utazame vizuri ule mfululizo wa Brno: una tundu moja tu, mwaka 1959. Aliyelitoboa ni Kladno.

Kisha ikaja ile miaka ambayo wazee wa Kladno wanaihesabu kama tasbihi: 1975, 1976, 1977, 1978, wakapumzika mwaka mmoja Slovan Bratislava walipochukua, halafu 1980. Mataji matano katika misimu sita. Nyuma alikuwepo František Pospíšil, beki aliyekuwa pia nahodha wa timu ya taifa. Mbele alikuwepo Milan Nový, ambaye msimu wa 1976–77 alifunga mabao 59 katika mechi 44. Msimu huohuo Kladno ilitwaa Kombe la Ulaya la vilabu. Ili upate uzito wa jambo hilo: kuanzia toleo la 1968–69 hadi la 1989–90 kombe hilo lilikuwa la vilabu vya Moscow, isipokuwa mara moja tu, na mara hiyo ni Kladno.

Watu huniuliza kiwanda cha chuma kinahusianaje na barafu. Kwangu mimi barafu ya uwanjani yenyewe ni kiwanda. Chini yake kuna sakafu ya zege, na ndani ya zege kumelazwa mabomba kwa kilomita kadhaa yanayopitisha kimiminika kilichopozwa chini ya sifuri. Maji yanamwagwa juu yake kidogo kidogo, tabaka baada ya tabaka, hadi barafu ifike sentimita tatu au nne. Kompresa hazilali. Kati ya kipindi na kipindi linaingia gari linalokwangua mikwaruzo na kutandika maji ya moto. Ndiyo, ya moto: yanayeyusha uso uliochubuka, yanashikana nao vizuri, na yana hewa kidogo kuliko ya baridi. Mara ya kwanza kwenda Kladno niliutazama mvuke ukipanda nyuma ya lile gari nikasahau kabisa matokeo. Yote hayo yanataka umeme, mabomba, mafundi wa zamu na mtu wa kulipa bili mwezi baada ya mwezi, timu ishinde isishinde.

Mlipaji huyo alianguka. Baada ya ukomunisti kuondoka mwaka 1989, Poldi ilibinafsishwa mwaka 1993, mambo yakavurugika, ikafilisika vipande vipande. Maelfu walipoteza kazi. Cha ajabu, wakati tanuru zinapoa mji ulikuwa ukitoa wachezaji wazuri kuliko wakati wowote. Patera, Procházka na Vejvoda walicheza safu moja ya mbele Kladno, wakaenda pamoja hadi timu ya taifa, na katika fainali ya dunia ya 1996 huko Vienna dhidi ya Kanada, Martin Procházka akafunga bao la ushindi zikiwa zimebaki sekunde 19. Ndugu wawili wa Kaberle, Tomáš Plekanec, Jakub Voráček: wote njia yao ilipitia Kladno. Na wote waliondoka, kwa sababu klabu isiyo na kiwanda huishi kwa kuuza.

Mmoja wa walioondoka wakarudi ni Jaromír Jágr. Alizaliwa Kladno mwaka 1972, akaenda kuchezea Pittsburgh, klabu ya Marekani, akiwa na miaka 18, na mgongoni akavaa 68, kwa ajili ya mwaka 1968: mwaka ambao majeshi ya Kisovieti na washirika wake yaliivamia nchi yake, na mwaka aliofariki babu yake, mkulima aliyewahi kufungwa kwa kukataa kutoa shamba lake kwa dola. Mwaka 2011 alichukua umiliki wa klabu, ikaitwa Rytíři, yaani wale askari wa farasi wa Ulaya ya zamani.

Hapa mimi na marafiki zangu wapenzi wa Jágr huwa hatuelewani. Wao wanaona hadithi ya mapenzi. Mimi naona mzigo uliobebwa na nguzo nyingi ukihamishiwa kwenye nguzo moja. Timu ilishuka daraja 2014. Mwaka 2018 akarudi kucheza mwenyewe daraja la pili, na 2019, akiwa na miaka 47, katika mechi moja ya mchujo wa kupanda alifunga mabao manne. Wakapanda. 2020 wakashuka. 2021 wakapanda tena. Yeye mwenyewe amewahi kukiri kwamba wadhamini wanataka kumwona uwanjani, kwa hiyo akistaafu yeye, na fedha zinaweza kustaafu. Nijuavyo mimi, chuma chochote kikipinda na kunyooka mara nyingi hivyo, huwa unakipima kabla ya kukitwika mzigo tena.

Februari 18, 2024, siku tatu baada ya kutimiza miaka 52, Pittsburgh walimwalika wakaipandisha jezi yake namba 68 darini, isivaliwe tena na mtu. Akashukuru, akapiga picha na wenzake wa zamani. Kisha akarudi Kladno, ambako timu ilikuwa mkiani mwa ligi.