Aliyefika kwanza hakuwa mwenye ardhi: dhana potofu kuhusu biashara ya manyoya Amerika Kaskazini

Kila nikisahihisha insha za historia ya Amerika Kaskazini nakutana na sentensi ileile: “Oregon ilikuwa halali ya Marekani kwa sababu Robert Gray aliufikia mto Columbia kwanza.” (Oregon ya wakati huo ni nchi ya pwani ya Pasifiki kuzunguka mto Columbia; Gray alikuwa nahodha wa Kimarekani.) Mwingine huandika kwamba ilikuwa ya Waingereza kwa sababu ya baharia wao Kapteni Cook, au ya Waspania kwa sababu ya Papa, mkuu wa Kanisa Katoliki, aliyewagawia nchi hizo. Majina hubadilika, kosa ni moja. Nimeshaliandikia pembeni kwa wino mwekundu mara nyingi mno, sasa naliandika hapa.

Dhana: aliyegundua kwanza ndiye aliyemiliki

Kugundua hakukumpa mtu ardhi. Kulimpa hoja ya kumtolea mpinzani wake mezani, basi. Na mpinzani huyo alikuwa Mzungu mwenzake. Wachinook, wenyeji waliokaa kwenye mlango wa Columbia, hawakuulizwa, ingawa ndio waliokuwa wakiwauzia manyoya mabaharia hao wenye bendera.

Gray alikuja pwani hiyo kutafuta manyoya ya fisi-maji wa baharini, yaliyokuwa na bei kubwa Canton, Uchina. Aliingia mtoni Mei 1792. Oktoba mwaka huohuo Luteni Broughton, wa msafara wa Mwingereza George Vancouver, alipanda mto kwa mashua karibu maili 100, akautangaza kuwa wa mfalme wake. Waingereza wakashikilia kwamba Gray aliona mlango tu, mto wenyewe hakuuona. Mwaka 1793 Alexander Mackenzie wa Kampuni ya North West, kampuni ya manyoya ya Waingereza iliyokuwa Montreal, akavuka bara zima hadi Pasifiki, akiongozwa na wenyeji hatua kwa hatua. Lewis na Clark, waliotumwa na serikali ya Marekani, wakafika 1805. Kila upande ulikuwa na “kwanza” yake, kwa hiyo ukiniandikia nani alitangulia, bado hujanijibu swali.

Somo la kweli liko Astoria. Watu wa tajiri wa New York, John Jacob Astor, walijenga kituo hicho cha biashara karibu na mlango wa Columbia mwaka 1811. Julai mwaka huo David Thompson wa North West aliushuka mto. Njiani, kwenye makutano ya Snake na Columbia, alisimika mti na kubandika karatasi ya kuidai nchi kwa ajili ya Uingereza na kueleza kwamba kampuni yake ingejenga hapo. Alipofika chini akawakuta watu wa Astor wamekwisha jenga. Kisha vikazuka vita vya 1812 kati ya Marekani na Uingereza. Watu wa Astor, waliosikia kwamba manowari ya Waingereza iko njiani, wakaiuzia North West kituo mnamo Oktoba 1813. Biashara halali, bila risasi hata moja. Desemba Kapteni Black wa manowari Racoon akawasili, akakuta adui hayupo na kituo kimeshakuwa cha Waingereza wenzake. Hata hivyo akapandisha bendera, akakitwaa rasmi kwa niaba ya mfalme na kukiita Fort George.

Sherehe hiyo iliwaponza. Mkataba wa Ghent wa 1814, uliomaliza vita hivyo, ulitaka mahali palipotekwa vitani parudishwe. Marekani ikasema: ninyi wenyewe mmetangaza kwamba mmepateka, rudisheni. Mwaka 1818 bendera ya Marekani ikapanda tena, huku biashara ikibaki mikononi mwa North West. Laiti kapteni angekunywa chai yake na kuondoka, Waingereza wangekuwa na hati ya mauziano ya kuonyesha.

Mwaka huohuo wa 1818 mataifa hayo mawili yalikubaliana kwamba watu wa pande zote wafanye shughuli zao Oregon bila kuathiri madai ya upande wowote, na mwaka 1827 makubaliano yakaongezwa muda. Hapo ndipo dhana ya pili huingia: basi mwenye biashara ndiye aliyeshinda. La. Kampuni ya Hudson's Bay, ya Waingereza pia, iliyoimeza North West mwaka 1821, ndiyo iliyotawala biashara ya manyoya kutoka Fort Vancouver, ukingo wa kaskazini wa Columbia. Kama maduka yangetosha kumpa mtu nchi, mpaka ungefuata mto. Mkataba wa Juni 1846 uliupitisha latitudo ya 49, na Fort Vancouver ikaangukia Marekani.

Kuanzia 1843 mikokoteni ya maksai ilileta familia za wakulima wa Kimarekani kwa mamia, kisha kwa maelfu. Wengi walikaa bonde la Willamette, kusini mwa Columbia, kwa hiyo eneo lililogombaniwa hasa, kati ya mto na latitudo ya 49, lilikuwa na Wamarekani wachache. Lakini London ilishapiga hesabu: manyoya yanapungua, kampuni yenyewe imeanza kuhamia Fort Victoria, na hapakuwa na faida ya kutosha kupigania vita.

Wanafunzi wa kwetu hawana kisingizio hapa. Mnamjua Carl Peters na mikataba yake ya 1884, mnajua kwamba karatasi ile ilikuwa ya kuonyeshwa Berlin na kwamba wenyeji wa Usagara hawakuwa wameuza nchi yao. Kwa nini mkivuka Atlantiki mnasahau?

Mengine, kwa haraka

“Manyoya ya biva yalishonwa makoti.” Manyoya ya mnyama huyo wa mtoni hasa yalikuwa ya kofia. Manyoya mafupi ya ndani yalitengenezwa felti, yaani kitambaa cha manyoya yaliyoshindiliwa, na kofia za felti zilivaliwa Ulaya nzima.

“Mpaka ndio uliowaongoza wategaji.” Mara nyingine ilikuwa kinyume. George Simpson wa Hudson's Bay aliagiza nchi ya mto Snake imalizwe biva, ili wategaji wa Kimarekani wasipate sababu ya kusogea. Peter Skene Ogden akaongoza misafara hiyo kuanzia 1824.

“Wenyeji walilaghaiwa kwa shanga.” Walikuwa wateja wagumu: bunduki mbovu na sufuria nyembamba walizikataa, na palipokuwa na Mfaransa na Mwingereza walilinganisha bei.

“James Polk alishinda uchaguzi wa urais wa Marekani wa 1844 kwa kaulimbiu ya 54°40′ au vita.” Kaulimbiu hiyo, iliyodai Oregon yote hadi latitudo hiyo, ilienea baada ya uchaguzi. Namba yenyewe ilitokana na mikataba ya Urusi na Marekani mwaka 1824, kisha na Uingereza mwaka 1825, iliyoweka kikomo cha kusini cha madai ya Warusi.

Na kabla ya kukariri mipaka, tafadhali, chora mito. Nasema hivi kila muhula na kila muhula mnaniletea ramani ya majimbo. Mwaka 1682 La Salle aliidai kwa Ufaransa nchi yote inayomwaga maji yake Mississippi. Hati ya Charles II ya 1670 iliipa Hudson's Bay nchi yote ambayo mito yake huingia Ghuba ya Hudson, nchi ambayo mfalme hakuwahi kuiona na ambamo Wakrii, wenyeji wake, walikuwa wakiwinda. Karibu miaka 200 baadaye kampuni iliiachia Kanada kwa pauni 300,000. Wametis wa Red River, kizazi cha wafanyabiashara wa manyoya wa Kizungu na wanawake wenyeji, hawakushauriwa. Wakaongozwa na Louis Riel kuunda serikali yao, na sheria iliyounda jimbo la Manitoba mwaka 1870 ikawaahidi watoto wao ekari milioni 1.4. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kwamba serikali haikuitekeleza ahadi hiyo kwa bidii iliyostahili.