Mtoto ananyanyaswa mtandaoni na nyumbani hamna anayejua: maswali ya wazazi na majibu

Swali: Huo unyanyasaji wa mtandaoni ndo upi, si watoto wanataniana tu?

Utani mnacheka wote. Hapa naongelea mtoto anayeandamwa makusudi, picha yake inageuzwa stika kwenye grupu la darasa, anafunguliwa akaunti feki kwa jina lake, anatukanwa kwenye komenti kila akiposti. Zamani mkigombana shule ukifika nyumbani umepumzika, sasa hivi yanamfuata mpaka kitandani.

Swali: Mazungumzo ya nyumbani yanaingiaje hapo?

Yanaingia sana. Tafiti za nchi mbalimbali zimekuta kwamba vijana wanaoongea na wazazi wao kwa uwazi kwa kawaida hawanyanyaswi sana mtandaoni na wala wao hawanyanyasi sana wenzao. Ila usikimbilie kusema basi familia fulani imeshindwa malezi, maana hili jambo linaenda pande zote mbili, mtoto akishaanza kuonewa mara nyingi ndo anajifungia, halali vizuri, hali vizuri, shule hataki, ukimsemesha anakujibu neno moja, na wewe unaona siku hizi ana kiburi kumbe mwenzio anaumia.

Swali: Mbona wangu hakuniambia?

Wengi wanaogopa kunyang'anywa simu. Chukulia binti wa kidato cha pili anayeazima simu ya mama yake jioni, anasoma matusi yote yale, halafu anafuta chati moja moja kabla hajairudisha. Mama yuko hapohapo anasonga ugali, wanapeana simu mkono kwa mkono na hakuna lililosemwa. Huyo binti mama yake anampenda, anachojua ni kwamba akisema tu ataulizwa "na wewe ulikuwa unatafuta nini huko?" na simu ndo basi tena. Hilo swali naombeni tuliache kabisa jamani, linamfanya aliyeonewa ajione yeye ndo mkosaji.

Swali: Akiniambia nifanyeje?

Msikilize mpaka amalize, usipige kelele hata kama damu inachemka, mwambie umefanya vizuri kuniambia na simu sikunyang'anyi. Halafu pigeni skrinshoti pamoja, namba na tarehe zionekane, kabla hamjafuta wala kumblok mtu. Kama ni wanafunzi wenzake nenda kwa mwalimu wa malezi. Kwa hapa Tanzania ipo namba ya huduma kwa mtoto, 116, kupiga ni bure, na polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo inautaja unyanyasaji huu kama kosa la jinai. Akianza kusema bora afe au ukaona anajiumiza, usimwache peke yake hata kidogo na mpeleke hospitali siku hiyohiyo, usisubiri kesho.

Swali: Na kama wangu ndo anayewaonea wenzake?

Inauma lakini inatokea, na wengine wanaoonea walishaonewa. Kichapo kitamfundisha kuficha tu. Kaa naye afute alichoposti, amwombe mwenzake radhi, na muulize nani alimfundisha maneno yale. Ujiandae kusikia jibu, kwa sababu yawezekana aliyasikia kwako siku ile unamsema shangazi yake kwenye simu, umeweka spika, yeye anafanya homuweki pembeni.